Uwanja wa Kibabi Ulivyopona Itebero

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwangu mtaucheka siku moja, lakini mkiusikia kwa jirani yangu Mama Sifa mtaucheka mwaka mzima. Katika safari yote ya Itebero nilipewa kazi moja tu: kubeba mfuko wa mipira. Sikuambiwa nicheze, wala nipige, wala nikimbie. Nibebe tu. Na kwa siku mbili nzima, kutoka Kibabi hadi Kashebere, nikipanda na kuteremka, nikikataa msaada wa vijana wenye mabega mara mbili ya yangu, nilibeba mfuko wa birayi, vile viazi vyetu vya mviringo.

Wengi mmeniandikia mkiuliza ilikuwaje. Wengine mlisikia tulifukuzwa kwa mawe, wengine kwamba mimi niliuawa na chui, na yule aliyeandika habari ya chui hakuonekana kusikitika sana. Basi nimekaa barazani kwangu, mahali ambapo sikupaswa kutoka kamwe, ninawaeleza hatua kwa hatua. Habari za karatasi za ruhusa ya kusafiri sitazigusa. Kila mmoja wenu amewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi, na sioni sababu ya kumsimamisha tena.

Kwanza mumjue Papa Zakaria, kocha wetu, kwa sababu safari ilikuwa yake na mimi nilikuwa mzigo wake.

Zakaria alitoka Kibabi akiwa kijana, miaka ya vita kuu, akaenda kuchimba katika kambi moja ya mgodi huko msituni. Mhandisi mmoja Mmarekani alikuwa ameleta pale mchezo wa besiboli, na kambi ilikuwa na ligi mbili. Ligi kubwa ilikuwa ya makarani na mafundi wa mashine, nayo ilicheza kwenye uwanja uliosawazishwa. Ligi ndogo ilikuwa ya wachimbaji, nayo ilicheza mteremkoni, ambapo mpira ukikukosa unaufuata hadi mtoni. Zakaria alicheza ligi ndogo miaka tisa. Nafasi yake ilikuwa ile ya kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali mpira unapopita chini kwa chini kama nyoka aliyekanyagwa, na watu waliomwona wanasema mikono yake haikuachia kitu. Jumapili moja tu aliitwa ligi kubwa. Akaazimwa viatu, akakaa benchi hadi mwisho, akavirudisha viatu vikiwa safi kama alivyovipokea.

Goti lilipomkataa alirudi nyumbani na glavu moja, gongo moja na wazo moja: kuwafundisha vijana wa Kibabi. Kanisa likamkopesha uwanja. Ninyi mnaijua milima yetu. Ardhi tambarare kwetu ni kitu cha kugombaniwa, na kile kilikuwa kipande pekee ambapo sufuria ikiwekwa chini haianzi safari. Pembeni yake ni shamba la Mama Sifa. Kila alipokuta mpira kwenye maharage yake alituuliza kama mpira ule unaliwa.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Unapiga mpira kwa gongo, kisha unazunguka vituo vitatu na kurudi ulikoanzia, panapoitwa nyumbani. Kila anayefika nyumbani ni pointi. Ukiguswa kwa mpira ukiwa njiani, umetoka, na watatu wakitoka zamu yenu imekwisha. Ugumu ulikuwa ni sisi. Kwetu watu waliotoka pamoja wanarudi pamoja. Aliyetangulia kutoka sokoni anangoja kwenye njia panda, na akifika peke yake, mama yake anamuuliza kabla ya salamu: "Wenzako uliwaacha wapi?" Vijana wetu walinyonya jambo hilo pamoja na maziwa. Kwa hiyo mmoja akiwa karibu kabisa na nyumbani, anasimama, anageuka, anamngoja mwenzake wa nyuma. Zakaria alipiga kelele misimu miwili ya kiangazi: "Usimungoje! Kimbia!" Walimwitikia vizuri, kwa heshima, halafu wakangoja. Tulishindwa na kila aliyekubali kucheza nasi.

Wazee wa kanisa wakachoka. Ilipofika barua ya Papa Lazaro, kocha wa kambi ya wafanyakazi huko Itebero, kutualika, wazee walimwambia Zakaria bila kuzunguka: akishinda huko, uwanja unabaki; akishindwa mara hii pia, uwanja unalimwa maharage, na wa kuulima ni Mama Sifa aliye jirani nao. Lazaro huyo alikuwa mchezaji wa ile ligi kubwa ya zamani. Barua yake ilikuwa fupi: "Magongo tunayo. Mipira yetu imechakaa, leteni yenu. Leteni na wachezaji, kama munabo."

Kibabi hadi Kashebere: habari ya mfuko

Mimi ni karani wa shule. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyeweza kuandika pointi haraka bila kuuliza. Usiku mmoja nje ya nyumba yangu ni mwingi kwangu, na Zakaria alijua hivyo. Ndiyo maana alinipa mfuko wa mipira, ili nijione nina maana.

Mfuko huo ulikuwa barazani kwangu. Pembeni yake kulikuwa na mfuko mwingine wa gunia kama huo, ambao Mama Sifa alikuwa ameuweka kwa siku chache kwa sababu paa lake lilikuwa linavuja. Alfajiri ile nilichukua mmoja. Sikuufungua. Mtu anayejiamini hafungui mfuko.

Tulikuwa watu kumi na mmoja: wachezaji tisa, Zakaria na mimi. Tulipanda, tukateremka, tukapanda. Kijana Bauma, mkimbiaji wetu wa kwanza, aliniuliza mara tatu kama anipokee mzigo, na mara tatu nikamjibu kwamba kila mtu ana wajibu wake. Mara ya tatu nilimwambia kwa Kifaransa, ili uzito wa jambo umfikie.

Kashebere tulipokelewa na fundi viatu mmoja, Papa Anzelmo, mtu wa kanisa letu, anayeshona viatu vya wafanyabiashara wanaopita barabarani. Uani kwake palikuwa na nafasi. Zakaria akasema vijana wanyooshe mikono kidogo kabla ya chakula.

"Karani, leta mupira."

Nikaingiza mkono mfukoni na kumpa. Alikiangalia kile nilichompa. Kilikuwa kimeanza kuota.

Bauma ndiye aliyesema kwanza. "Papa, hii mupira iko na watoto."

Nikaumwaga mfuko wote chini, nikitumaini. Vilikuwa birayi vya mbegu, vizuri sana, vimechaguliwa kimojakimoja. Zakaria alikaa juu ya jiwe. Hakunitukana, na heri angenitukana.

"Miaka tisa ku ligi ndogo," alisema polepole, "nimeona batu banasahau viatu. Nimeona mumoja alisahau suruali. Karani, birayi nayiona leo."

Kurudi Kibabi kungekula siku nne, na Itebero walikuwa wametupa siku maalumu. Papa Anzelmo, aliyekuwa akitutazama na sindano mdomoni, akauliza kitu tunachotafuta kinafanana na nini. Zakaria alimweleza kwa mikono: ndani kigumu, katikati uzi mwingi, nje ngozi. Anzelmo akafikiri. Donge la ulimbo wa mpira wa porini alikuwa nalo, watu wa msituni humletea. Ngozi ya mbuzi alikuwa nayo. "Uzi ya sufu njo sina," alisema.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimevaa sweta. Mke wangu alilifuma kwa msimu mmoja wa mvua, na aliponivalisha alisema, "Hii itakurudisha." Lilifumuliwa mbele ya macho yangu, likianzia mkono wa kushoto, na Bauma akilivuta kwa heshima kubwa.

Tulichelewa siku nzima. Mke wa Anzelmo hakuona sababu ya birayi kukaa bure, akavichemsha na maharage na majani ya vitunguu. Nilijua ni vya nani. Nilikula sita.

Mpira ulipokamilika Zakaria aliudundisha chini. Ulipanda, ukashuka, ukaruka pembeni kushoto. Akaudundisha tena. Kushoto.

"Iko na kichwa yake," alisema.

"Hata miye niko nayo," Anzelmo akamjibu. "Lakini haitapasuka."

Kashebere hadi Walikale: tulivyokuwa kwaya

Kamyo moja, lori la mzigo, ilikuwa inateremka Walikale. Akina mama wa kanisa walikuwa wametushonea mashati ya kijani ya namna moja, na shofere, dereva wake, alipotuona tumepangana kando ya barabara alipunguza mwendo.

"Ninyi ni kwaya?"

Zakaria akafungua mdomo kukana. Bauma akamtangulia. "Ndiyo, papa."

"Basi pandeni. Lakini miye sibebe kwaya yenye kunyamaza."

Tukapanda juu ya magunia, tukaimba. Wachezaji wetu ni watoto wa Kikristo, nyimbo wanazijua, sauti ndizo zilizokuwa za kila mtu kivyake. Zakaria aliimba kama mtu anayeita mbuzi. Mambo yangekwisha mapema, ila mvua ilikuwa imenyesha, na mbele tukakuta bariyeri ya mvua: gogo limelazwa barabarani, na mlinzi mwenye filimbi, ambaye kazi yake ni kuzuia magari mpaka udongo ukauke. Mlinzi yule aliupenda wajibu wake. Alishika udongo, akausugua kati ya vidole, akautikisia kichwa, akaenda kukaa.

Tulikaa hapo tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kuinama. Habari ya kwaya ikafika kijijini, na watu wakaja na viti vyao. Tuliimba nyimbo zote tulizozijua. Zilipokwisha tukazirudia kwa kubadilisha mwendo. Kisha mama mmoja akauliza mhubiri ni nani, na vijana wote tisa wakanionyesha mimi kwa vidole. Nilihubiri juu ya uvumilivu, kwa kifupi, kwa sababu sikuwa nao. Tukaletewa ndizi za kuchemsha, na sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mawese na samaki wa moshi, watu wakisema kwaya haiwezi kuondoka na njaa. Samaki yule bado namkumbuka. Kama kuna dhambi katika kula chakula cha kwaya, nimeitubu, lakini si kwa nguvu zangu zote.

Mlinzi alipoinua gogo na tukafika Walikale, dhamiri ilimshinda Zakaria. Alimwendea shofere.

"Papa, nikuambie ukweli. Sisi si kwaya. Sisi tunacheza mupira."

Shofere alikuwa anafunga mlango wa kamyo. "Nilijua tangu wimbo wa kwanza. Kwaya gani inaimba vile? Lakini njia iko murefu, na peke yangu nasinzia."

Walikale hadi Itebero: miguu yangu na subira ya Bauma

Kutoka Walikale hakukuwa na kamyo ya njia yetu. Tulitembea siku mbili. Mtu wa milimani akiingia msitu ule kwa mara ya kwanza anatafuta mbingu, na haipo. Hakuna kilima cha kukuonyesha ulikotoka wala unakokwenda. Kuna miti, halafu nyuma yake miti iliyokuja kuangalia. Viatu vyangu vya ofisi viliamua kufunguka mbele kama midomo ya samaki. Kufikia saa nne nilikuwa wa mwisho, na wa mwisho nilibaki mpaka Itebero.

Kila njia ilipogawanyika nilimkuta Bauma amekaa juu ya mzizi, ananingoja. Zakaria alikuwa mbele, nikimsikia.

"Bauma, tembea. Karani atafika."

"Na kama hafiki, papa?"

"Basi tutapumua."

Siku ya pili tukafika kwenye kijito, mti mmoja umelazwa juu yake kuwa daraja. Wenzangu walivuka wakizungumza. Mimi nilifika katikati, nikaangalia maji, nikakaa. Niliupanda ule mti kama farasi, nikawaambia waende, nitawangoja hapa watakaporudi, na kwamba mahali penyewe pana upepo mzuri. Bauma akarudi kutoka ng'ambo. Akainama nyuma yangu, akanishika mkanda, akanisukuma kidogokidogo kama gunia, akisema, "Karani, usiangalie chini. Angalia Papa Zakaria namna anakasirika." Nikamwangalia. Ilinisaidia.

Lakini nilipofika ng'ambo Zakaria aliacha kukasirika. Alitutazama sisi wawili muda mrefu, tope likitudondoka. Tulipoanza tena kutembea alipunguza mwendo mpaka tukawa sambamba, jambo ambalo kwa goti lake na viatu vyangu halikuwa rahisi kwa yeyote.

"Ile siku yangu ku ligi kubwa," akasema, "nilishakuambia nilikaa benchi?"

"Ulishaniambia."

"Sikukuambia ya nyuma. Mchezo ilipokwisha, nilikwenda kusafisha viatu ya watu, nirudishe safi. Nilipotoka, kamyo ya ekipe, ya timu yote, ilishakwenda. Nilirudi kambi na miguu, bila viatu, saa tatu ya njia. Lazaro alikuwa mu ile kamyo. Hakuna hata mumoja aliuliza, Zakaria iko wapi."

Nikaviangalia viatu vyangu vilivyofunguka, nikaacha kuvilaumu.

"Misimu mbili," akaendelea, "najikaza kufundisha hawa batoto bakuwe kama watu ya ile kamyo." Akatema mate pembeni, akaenda mbele.

Itebero

Papa Lazaro alitungoja mwanzo wa kambi. Ni mtu mkubwa, mwenye kofia safi na sauti ya mtu ambaye hajawahi kuketi benchi.

"Zakaria wa ligi ndogo. Kumbe ulishuka kweli kilima."

"Nilishuka, Lazaro. Uliniita."

"Hawa njo bachezaji ao wachunga mbuzi?"

"Wanachunga vyote viwili."

Lazaro akauomba mpira, akaupindua mkononi, akaona mishono ya Anzelmo. "Hii ulishonesha kwa fundi viatu?"

"Kwa fundi viatu."

"Na uzi?"

"Karani wangu alivua nguo," Zakaria akasema, na kambi nzima ikaniangalia, nikiwa na shati langu la kijani na baridi ya uchovu.

Wenyeji walichagua kupiga kwanza. Lazaro alisema ni kwa huruma, ili miguu yetu ipumzike uwanjani, na watu wake wakafurahia. Arbitri, yaani mwamuzi, alikuwa mwuguzi wa kambi, mtu makini aliyefuta kila kituo kwa kitambaa. Mimi nikapewa kiti na meza, nikafungua daftari langu, na kwa mara ya kwanza tangu Kibabi nikajisikia kuwa mtu.

Tulicheza vizuri kuliko tulivyostahili. Mpira wetu uliwasumbua. Waliuona unakuja huku, ukadunda kule. Vijana wetu walikuwa wameuzoea njiani. Hata hivyo mara mbili mkimbiaji wetu alisimama karibu na nyumbani kumngoja mwenzake, mara mbili akaguswa, na watu wa kambi wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. "Bananunua chumvi?" mmoja akauliza kwa sauti. Mara ya pili ile nilimtazama Zakaria, nikitegemea kelele. Badala yake alikuwa anaangalia jinsi mdakaji wao, yule anayelinda nyumbani, alivyocheka akishika mbavu kabla ya kumgusa mtu wetu.

Ikafika zamu ya mwisho. Daftari langu lilisema Itebero sita, Kibabi tano. Wawili wetu walikuwa wameshatoka. Akitoka wa tatu, Mama Sifa analima. Bauma alikuwa kituo cha tatu. Kituo cha pili alikuwepo Yoshua, kijana mwenye miguu mifupi na moyo mzuri. Pointi moja ya Bauma ingetupa sare. Lakini wazee hawakusema sare. Walisema kushinda.

Mpigaji wetu aliupiga mpira ukaenda kushoto, ukaanguka mbele ya mlinzi wao wa mbali, naye akauokota haraka. Bauma akatoka mbio. Alifika katikati ya njia, na pale, mbele ya kambi nzima, akafanya alivyolelewa. Akasimama. Akageuka. Akamtafuta Yoshua.

Nikafunga daftari.

Zakaria alikuwa amesimama kando ya kituo cha tatu, hatua chache kutoka mezani kwangu. Nilijua atakachosema, nilikuwa nimekisikia misimu miwili. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayezungumza na mtoto wake njiani:

"Mungoje, Bauma. Mungoje mwenzako."

Mpira ulikuwa umeshamfikia mdakaji wao. Alimwona mtu aliyesimama kama anayengoja shangazi yake kwenye njia panda, na akacheka. Badala ya kubaki nyumbani akamfuata, akitembea, mpira mkononi. Bauma akarudi nyuma hatua moja. Mdakaji akaja hatua moja. Bauma akarudi nyingine. Mrushaji wao, yule anayemtupia mpigaji mpira, alikuwa amejishika kiuno, anafuta machozi. Nyumbani hapakuwa na mtu hata mmoja, na katika uwanja mzima nadhani ni Zakaria peke yake aliyekuwa anapaangalia.

Yoshua akazunguka kituo cha tatu. Mdakaji, alipowaona wamekuwa wawili, alimrushia mpira mlinzi wa kituo kile ili wabanwe katikati. Wakati mpira uko hewani, Zakaria akapata ile sauti yake ya kuita mbuzi:

"Sasa! Nyumbani, wote wawili!"

Walikimbia Bauma mbele, Yoshua akikanyaga kivuli chake. Walimpita mdakaji mmoja kushoto mmoja kulia, naye hana kitu mikononi. Mlinzi wa kituo cha tatu akaurusha mpira nyumbani kwa nguvu zake zote, na mrushaji wao, ambaye sasa hakuwa anacheka, akakimbilia kuupokea. Angeupata. Nasema hivyo kwa haki. Lakini mpira ulidunda mara moja mbele yake, na ule haukuwa mpira wa kiwandani. Ulikuwa donge la msituni, mkono wa kushoto wa sweta langu na ngozi ya mbuzi wa Kashebere, nao ukaruka kushoto kama ulivyozaliwa, ukapita chini ya kiganja chake, ukaenda zake. Bauma akakanyaga nyumbani. Yoshua akakanyaga nyumbani. Wakashikana mikono kabla hata ya kupumua, kama watu waliofika kutoka sokoni.

Mwuguzi akainua mikono miwili. Saba kwa sita. Nilifungua daftari, nikaandika, nikavunja ncha ya penseli, nikaandika tena kwa kipande.

Lazaro akaja amevua kofia. "Zakaria, ile haiko besiboli. Mutu hasimame njiani."

"Ku ligi kubwa hasimame," Zakaria akasema. "Kwetu anasimama."

Lazaro akatazama viatu vya Zakaria, na nadhani alikumbuka kitu, maana aliuliza tumelala wapi jana, tumekula nini, na nani amebaki nyuma. Tukapewa chikwange, ule mkate wa muhogo, na nyama ya porini, na hakuna aliyetuomba tuimbe. Kesho yake tulipoondoka alitusindikiza mpaka kwenye kile kijito, akavuka nasi. Mimi nilivuka nimekaa, kwa hiari yangu, mbele ya watu wote. Alinisubiri ng'ambo kwa subira kabisa.

Kurudi

Kurudi ni kwa wale wanaopenda kutembea, nami sitawachosha. Kashebere Papa Anzelmo aliuliza kama mpira ulipasuka, akaambiwa haukupasuka, akasema "Ehe," akaendelea na kiatu. Bariyeri ilikuwa wazi, na mlinzi wake alisikitika kwamba hatukukaa.

Tuliingia Kibabi Jumamosi mchana, wote kumi na mmoja kwa mara moja, kwa sababu Zakaria mwenyewe alitusimamisha kwenye kona ya mwisho mpaka mimi nifike. Kengele ya kanisa ikapigwa. Wazee walisikiliza, wakaliona daftari langu, wakasoma saba na sita kwa vidole, na mkubwa wao akamshika Zakaria mkono mbele ya watu akasema uwanja ni wake mpaka atakapochoka yeye. Zakaria aliinama kidogo, akaenda kuushika udongo wa uwanja. Vijana wakambeba. Goti likamuuma, na aliwaacha wambebe hivyo hivyo. Miaka tisa mteremkoni, Jumapili moja benchi, na sasa alikuwa mtu mrefu kuliko wote Kibabi.

Nilipofika kwangu Mama Sifa alikuwa amesimama barazani, mfuko wa mipira miguuni pake, mikono kiunoni. Nikaona ni afadhali nimtangulie. Nilimsimulia yote tangu mwanzo: milima niliyoipanda na mzigo, sweta nililolitoa, mahubiri, msitu, daraja. Nilisimama kumwonyesha Bauma alivyongoja. Nilikimbia mpaka mlangoni kumwonyesha walivyofika. Mke wangu alitoka nje akaangalia mikono yangu mitupu isiyo na sweta, akarudi ndani. Mama Sifa alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikata hata mara moja. Kisha akasema:

"Zakaria njo alishinda, uwanja ibaki. Weye ulikula mbegu yangu. Kesho asubui kuja na jembe."